Nyoka Mwenye Pete Shingoni: Safari ya Karema Kufuta Kauli

Safari hii sikuifanya kwa ajili ya kutembea. Nilikwenda Karema kufuta kauli yangu mwenyewe, kauli niliyoitoa kwa simu nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Ilembo, kikombe cha chai mkononi, bila wasiwasi wowote.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Ninaishi Ilembo, hapa Mpanda mjini, na ninafundisha sekondari moja upande wa Kasokola. Kwa ndugu zangu, mtu anayefundisha baiolojia anajua kila kiumbe, chenye miguu na kisicho na miguu. Hunipigia kuniuliza kuhusu kuku anayeinamisha shingo, kuhusu mbuzi asiyeshika mimba, hata kuhusu ndoto za nyani. Nami, niseme ukweli, sijawahi kuwaambia kuwa sijui. Sifa ni tamu.

Wiki tatu kabla ya safari, mdogo wangu Deusi alinitumia picha. Deusi ni mvuvi wa nyavu za kutega kule Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kazi aliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na mtumbwi wenyewe. Picha ilionyesha nyoka wa kahawia amejiviringa ndani ya wavu. Hawa nyoka wa majini tumekua nao. Hukaa kwenye mawe, hula samaki, na mara moja moja huingia kwenye nyavu. Deusi aliuliza: "Dada, huyu ana sumu? Kila wiki tunakata wavu kwa sababu yake."

Nilifungua kitabu changu, ambacho ni kikubwa kwa umri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Kitabu hicho kinawaweka swila wa maji katika jenasi yao peke yao, na ndani yake spishi mbili tu. Mmoja ni wa Kongo, anaishi upande wa chini wa mto ule mkubwa, mbali nasi. Wa pili ni swila wa maji mwenye pete, na picha yake inamwonyesha amevaa pete nyeusi kuanzia shingoni mpaka mkiani, kama soksi za mchezaji wa mpira. Wote wawili ni jamaa wa swila wa nchi kavu, na sumu yao si ya mchezo. Nikatazama picha ya Deusi. Mgongo mtupu, hauna pete hata moja. Basi huyu si swila, nikasema moyoni. Atakuwa yule nyoka mwingine wa ziwani, mdogo, asiye na sumu, anayekaa kwenye mawe hayo hayo.

Nilimuuliza urefu wake. Akasema, "Kama kasia." Nikacheka. Mvuvi akikwambia urefu wa kitu kilichotoka majini, gawa kwa mbili.

Nikamtumia ujumbe wa sauti, kwa sauti yangu ya darasani: "Huyo hana sumu. Mtoeni tu kwa mkono, msiharibu nyavu."

Alhamisi, saa tisa alasiri, nilikuwa maktaba ya shule nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye kitabu kile kile. Macho yakaangukia maandishi madogo chini ya picha ya swila mwenye pete, yale ambayo hakuna mtu huyasoma. Yalisema kwamba aina inayoishi Ziwa Tanganyika hutofautiana na ya mitoni: mwili wake ni wa kahawia mtupu, na pete zake ni mbili au tatu tu, shingoni.

Nilitoa simu. Nikaitafuta picha ya Deusi, nikaikuza kwa vidole viwili. Shingo ilikuwa imefunikwa na nyuzi za wavu zilizokunjamana, lakini chini ya nyuzi zile, ukitazama vizuri, kulikuwa na mkanda mweusi. Na nyuma yake mwingine.

Nilimpigia Deusi, hapatikani. Nilimpigia mkewe, hapatikani. Nilimpigia mama, hapatikani. Nilikwenda stendi, nikamkuta kijana wa tiketi, akaniambia mnara wa simu wa Karema umekufa tangu juzi na hakuna anayejua utafufuka lini. Swila huyu akikuuma, sumu yake hulegeza kope, halafu ulimi, halafu pumzi. Dawa ya kumpinga yeye hasa sikuiona kwenye kitabu chochote nilichonacho, na kutoka Karema mpaka hospitali kubwa ni mwendo wa saa nyingi. Deusi ana watoto wanne.

Ijumaa, saa moja asubuhi, mkuu wa shule alinipa ruhusa kwa simu bila kuuliza maswali mengi. Nadhani sauti yangu ilimjibu. Nilipofika stendi, basi la Karema lilikuwa limeshaondoka. Nikapata nafasi kwenye Fuso linalokwenda kuchukua dagaa, mbele, pembeni ya dereva, mzee wa makamo anayeitwa Yasini. Nilibeba mkoba mmoja, na ndani yake nguo mbili, mkate wa kumpelekea mama, na kile kitabu.

Yasini alikuwa mtu wa maneno. Kabla hatujaimaliza lami alikuwa ameshajua mimi ni nani na ninakwenda kufanya nini.

"Sasa mwalimu," aliniambia, "si wangejua tu? Nyoka ni nyoka. Mimi nikimwona natoka mbio, simuulizi kabila."

"Wewe hujapata dada aliyesoma," nilimjibu.

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Nami nilicheka kidogo.

Saa tano hivi, ndani ya pori la miombo, tulikwama. Mvua za mwisho zilikuwa zimeacha tope zito kwenye mteremko, na lori lililotutangulia lilikuwa limelala upande, halikuanguka wala halikusimama. Wanaume walishuka kukata matawi ya kutia chini ya matairi. Nilitembea juu na chini ya barabara. Kila dakika niliyohesabu niliuona mkono wa Deusi ukiingia kwenye wavu. Mama mmoja aliyekuwa juu ya mizigo alinigawia mhindi wa kuchemsha, akanisihi nikae: "Mama, hata ukitembea, gari haliendi." Ilikuwa kweli. Nilikaa nikala mhindi. Ulikuwa mtamu, wa msimu mpya, na najua si vizuri kusifia mhindi katikati ya mashaka, lakini ulikuwa mtamu.

Saa nane tulitoka kwenye tope. Baadaye barabara ikaanza kushuka, upepo ukabadilika, na kwenye kona moja ziwa likajitokeza lote kwa mara moja, la buluu, na milima ya Kongo kwa mbali ng'ambo. Nimezaliwa mbele ya maji haya, na bado kila nikiyaona kutoka pale juu moyo wangu hufurahi. Siku ile ulifurahi na kuogopa kwa pamoja. Tulipita Ikola bila kusimama.

Saa kumi na moja jioni niliingia uani kwa mama. Jambo la kwanza nililoliona ni wifi yangu Konsolata, mke wa Deusi, amesimama chini ya mpapai akiangua papai kwa ufito wa baba.

Inabidi niueleze ufito huu. Baba alikuwa na mti mrefu, mwembamba, mgumu, ambao nchani aliufungia kisu kidogo kwa kamba ya nyavu. Nyoka akiingia kwenye wavu, baba hakumgusa na hakumuua. Aliushusha wavu tena majini, akiacha sehemu ya juu karibu na uso wa maji ili mnyama apate kupumua, kisha akasubiri. Nyoka akijinasua mwenyewe, vizuri. Asipoweza, baba alikata macho mawili matatu ya wavu kwa ufito, kwa mbali, na kumwacha aende. Alikuwa na maneno yake: "Wavu tuliwategea samaki. Huyu hatukumwita." Jioni alikaa kuziba yale matundu kwa uzi na sindano ya nyavu, bila kulalamika.

Na sasa ufito ule ulikuwa unaangua papai.

"Wifi! Karibu jamani, mbona hukusema unakuja?" Konsolata aliutupa ufito chini akaja kunikumbatia.

"Deusi yuko wapi?"

"Ameenda kutega, anarudi sasa hivi. Kwani kuna nini? Kuna msiba?"

"Nyoka anawatoaje?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si ulisema? Kwa mkono."

Nilikaa kwenye kigoda. Mama alitoka ndani akijifuta mikono kwenye kanga, akanipokea, akanitazama usoni kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na ripoti ya shule.

Nusu saa baadaye Deusi aliingia uani, amebeba kasia begani, anaimba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Nadhani nilipiga kelele. Nilikumbuka baadaye kuwa watoto wawili walianza kulia. Nilimshika ule mkono, nikauliza lini, saa ngapi, anaona vizuri, anameza vizuri?

"Dada, dada! Ni kuhe huyu," alisema. "Kanichoma na pezi jana. Samaki! Una nini wewe?"

Nilifungua kitambaa nikaona mwenyewe. Tundu moja, la mwiba, limeanza kukauka. Nikakifunga tena kitambaa, vibaya, kwa haraka. Kisha nikamweleza yote, palepale, nimesimama: kitabu, maandishi madogo, pete, sumu.

Deusi alisikiliza hadi mwisho. Ni msikivu, amefanana na mama. Kisha akatabasamu.

"Lakini dada, nimeshatoa wawili."

"Wawili?"

"Kwa mkono huu huu. Namshika nyuma ya kichwa, namvuta taratibu, namtupa majini. Hata kugeuka hakugeuka. Mpole kama ulivyosema. Na wenzangu nao mwaloni wanafanya hivyo. Niliwapigia ile sauti yako kwenye spika."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa langu. Nilikuja kumwonya mtu mmoja, kumbe nilikuwa nimefundisha mwalo mzima, kila mvuvi anayeegesha mtumbwi pale. Ubaya ni kwamba nyoka mwenyewe alikuwa upande wa kosa langu. Swila wa maji si mkorofi. Akiwa majini hutafuta njia ya kuondoka, na hauma mpaka aone amefikishwa mwisho. Kila asipouma alikuwa anathibitisha ujumbe wangu wa sauti, na mkono unaofuata ulikuwa unaingia kwa ujasiri zaidi.

Tulipokula jioni ile, ugali na kuhe yule yule mwenye hatia, nilimuuliza mama kwa nini hakumkataza Deusi.

"Nilisema," mama alijibu. "Wakaniambia mwalimu amesema. Sasa mimi niliishia darasa la nne, nitabishana na mwalimu niliyemzaa mwenyewe?"

Konsolata alicheka, Deusi akacheka. Mimi nilitazama sahani.

"Hata baba yenu hakujua kama ana sumu au hana," mama aliendelea. "Hakuwahi kuumwa ajue. Yeye hakumshika tu."

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikwenda na Deusi mwaloni. Ziwa limepanda miaka hii, na mawe ambayo utotoni tulikaa juu yake kufua sasa yako chini ya maji. Wavuvi kama kumi walikuwa wanaandaa mitumbwi. Nilisimama mbele yao na kitabu changu nikasema nilikosea. Nilisema kwa ufupi na kwa sauti, kwa sababu nilijua nikianza kuzunguka sitamaliza. Nyoka yule ana sumu kali. Msimshike.

Kisha Kalisto, ambaye ana mtumbwi wake lakini mara nyingi huvua na Deusi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, alianza kuigiza sauti yangu: "'Huyo hana sumu. Mtoeni tu kwa mkono, msiharibu nyavu.'" Aliikariri yote, hadi pale nilipomeza mate. Watu wakaangua kicheko.

"Sasa mwalimu, tushike lipi?" aliuliza. "Nyie walimu mnabadilika kama mtaala."

"Shikeni la pili."

"La kwanza tumelijaribu, linafanya kazi. Hili la pili tulijaribuje? Mpaka mtu aumwe?"

Wakacheka tena, si kwa ubaya. Waliniuliza habari za Mpanda, wakanisifu nimenenepa, wakasukuma mitumbwi yao majini. Sikuwa nimemshawishi hata mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo. Nilimwambia Deusi nataka kwenda naye. Nilirudi uani mbio, nikachukua ufito chini ya mpapai, nikauweka mtumbwini. Kalisto aliutazama akasema kumbe leo tunavua mapapai.

Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye mawe ya kusini mwa mwalo. Maji yalikuwa yametulia na unaona chini mpaka kina cha watu watatu. Kalisto alishika kasia nyuma, Deusi alivuta wavu mbele, mimi katikati nikipokea samaki. Kuhe wawili wakubwa, kisha sangala mmoja, kisha kipande kirefu cha wavu kisicho na kitu. Kwa muda nilisahau nilichofuata. Jua lilikuwa limeanza kutupasha migongo, Deusi anaimba, nami nilikuwa na harufu ya samaki mikononi kama nilipokuwa na miaka kumi. Niliona raha, wala sioni haya kusema.

Kisha wimbo ukakatika.

Alikuwa mkubwa. Nilimdharau Deusi bure, kasia lilikuwa kipimo halali kabisa. Mwili wake wa kahawia uling'aa, mnene kama kifundo cha mkono wangu, na ulikuwa umepita na kurudi kwenye macho ya wavu mara nne au tano. Kichwa kilikuwa juu ya maji, kinapumua. Na shingoni, wazi, bila uzi wowote wa kumfunika, pete mbili nyeusi: moja pana, moja nyembamba. Nimefundisha miaka kumi na minne kwa michoro ya ubaoni, na huyu alikuwa mzuri kuliko mchoro wowote. Alipoona kivuli chetu alitanua shingo kidogo, na zile pete zikatanuka nayo.

"Unaona?" nilimwambia Deusi. "Swila huyo."

"Naona. Subiri uone alivyo mpole." Akakunja mkono wa shati.

Nilikuwa nimepanga hotuba nzima usiku kucha, kuhusu neva na misuli. Sikuikumbuka hata sentensi moja. Nilisema kilichokuja.

"Sawa. Huyu mtoe wewe. Anayefuata nitamtoa mimi."

Deusi aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Si mpole?"

"Hujazoea bwana."

"Nawe hukuzoea. Nilikwambia kwa simu ukaanza. Au basi, hebu sogea, huyu huyu nimtoe mimi." Na niliunyoosha mkono. Sitadai nilikuwa jasiri. Sijui kama ningefika hata kwenye wavu.

Sikupata nafasi ya kujua. Deusi alinidaka kifundo cha mkono kwa nguvu hata mtumbwi ukayumba na Kalisto akalaani nyuma.

"Skola! Una wazimu? Watoto wako nitawaambia nini?"

"Na wa kwako? Mimi nitawaambia nini?"

Aliendelea kunishika mkono, nami nilimwona akiutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umenishika, wenye kitambaa nilichokifunga vibaya. Kalisto alikuwa ameacha kupiga kasia.

Deusi aliniachia. Akaushusha wavu taratibu majini, akiacha sehemu ya juu karibu na uso, kama baba. Tukasubiri. Nyoka alijivuta, akapita jicho moja, akakwama palipobaki. Tulisubiri tena, hata samaki wetu wakaanza kukauka.

"Nipe ufito," Deusi alisema.

Alikata macho matatu. Nyoka alibaki pale kidogo, hajajua kama amefunguliwa. Kisha akateleza nje, akaenda chini pembeni ya jiwe, na tulimwona kwa muda mrefu katika yale maji safi, akienda bila haraka, mpaka akaingia kwenye ufa.

"Wavu tuliwategea samaki," Kalisto alisema nyuma, polepole. Alikuwa amevua na baba miaka mingi kabla ya kuvua na Deusi.

Saa nne tulirudi mwaloni. Wenzetu walikuwa wameshatangulia na walikuwa wananingoja wanitanie. Deusi aliruka majini, akavuta mtumbwi, akasimama na ufito mkononi.

"Nyie sikilizeni," alisema. "Dada yangu alipokosea, alikosea kwa simu. Kusahihisha amekuja mwenyewe, kashinda na njaa njiani kwenye tope. Sasa shika unalotaka. Mimi mkono wangu hauingii tena."

Kuhusu njaa alidanganya, nilikula mhindi. Sikumsahihisha. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeahidi kitu pia. Wavuvi hawaahidi hadharani. Mmoja aliuliza zile pete ni ngapi hasa, mbili au tatu, nikamfungulia kitabu. Mwingine akaja kuchungulia juu ya bega lake. Tulikaa hivyo mpaka jua likawa kali.

Jumapili, baada ya misa, mama alinipeleka kutembea upande wa majengo ya zamani ya misheni, kuta nene ambazo zilikuwa boma kabla ya kuwa nyumba ya mapadri. Nilimweleza jambo nililolisoma kwenye kitabu: kwamba yule nyoka wa kwetu, jina lake la kitaalamu limebeba jina la Mzungu mmoja aliyewahi kukaa na askari wake hapa hapa, kabla ya misheni.

"Alimfuga?" mama aliuliza.

"Hapana, walimpa tu jina."

Mama alifikiri. "Na nyoka mwenyewe aliambiwa?"

Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Wakati wa kurudi alinishika mkono, jambo ambalo halifanyi sana, akaniambia wahenga hawakukosea, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimjibu kwamba safari hii mgeni ndiye aliyemwambukiza mwenyeji kwanza. "Ndiyo maana nimefurahi umekuja," alisema. "Ungetuma tena sauti, wangesikiliza ipi?"

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda basi la kurudi Mpanda na kifurushi cha kuhe wakavu magotini. Barabara ilikuwa imekauka, na pale tulipokwama Ijumaa palibaki alama tu za matairi na matawi yaliyosagika. Nilikuwa na muda wa kufikiri nilichojifunza. Baba hakujua sumu wala jenasi, lakini hakuwahi kuweka mtu hatarini kwa neno lake, kwa sababu alichofundisha alikifanya kwanza mwenyewe, mbele yao. Mimi nilifundisha kwa mikono ya watu wengine. Siku hizi nikiletewa picha ya mnyama nasema sijui, mpaka nijue, na nimegundua kwamba ndugu zangu hawajapungua kunipigia.

Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa ofisi ya walimu, simu ilitoa mlio wa ujumbe. Mnara wa Karema ulikuwa umefufuka. Ilikuwa picha kutoka kwa Deusi: ufito wa baba umelazwa ndani ya mtumbwi, kisu kimefungwa kamba mpya. Chini yake aliandika: "Mwalimu, huyu naye ana sumu?"

Nilicheka peke yangu, nikaanza kuandika jibu. Kisha nikaacha. Niliikuza picha kwa vidole viwili na kuitazama yote, taratibu, kutoka ncha hadi mwisho wa mpini, halafu pembeni. Nyuma ya mtumbwi wa Deusi kulikuwa na mtumbwi mwingine, na ubavuni mwake, nusu nje ya picha, ulilala ufito wa pili, gome lake bado bichi, na kofia ya sufu ya Kalisto imetundikwa juu yake.